Ndizi za Ukweni Zilizoiva na Zisizoiva

Leo nimeaibika, tena ukweni. Naandika nikiwa Mkuyuni nasubiri gari, na shati langu bado linanuka moshi.

Nilikwenda Matombo kusikiliza jibu la posa yangu kwa Yustina. Huku Uluguruni mjomba wa binti ndiye mwenye neno la mwisho, na mjomba wake alifundisha mantiki seminari mpaka akastaafu. Yustina alinionya mapema: "Ukifika salimia, kula, nyamaza." (Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kunyamaza hatukufundishwa.)

Nilisalimia. Nilikula. Kisha mjomba akauliza siku hizi tunafundisha nini huko mjini.

Nikaanza. Nikamweleza kwamba chembe ndogo kabisa, kabla haijapimwa, huwezi kusema iko hapa wala iko kule. Hali zote mbili zimo kwa pamoja. "Kwa hiyo, mjomba, ile kanuni yenu kwamba jambo ama ni kweli ama si kweli, huko inapwaya."

Akaweka kikombe chini. Ningeishia hapo. Lakini uani kulikuwa na pipa la kuvumbikia ndizi, limefunikwa majani ya mgomba na gunia, moshi ukivuja pembeni. Nikaona nimepata mfano.

"Chukulia ndizi hizi. Kabla hatujafunua, zimeiva na hazijaiva."

"Hapana," akasema taratibu. "Wewe ndiye hujui. Ndizi zenyewe zinajijua."

(Alikuwa sahihi. Ndizi si chembe. Kwa kosa hilo hilo huwa nawakata wanafunzi alama.) Lakini Yustina alikuwa anatazama, na mimi nilitaka ujiko. Nikainuka, nikavuta gunia, nikafunua majani.

Moshi ukanivaa usoni. Ndizi zilikuwa za kijani, zote.

Mama yake Yustina akatoka jikoni na mwiko mkononi. "We baba, nani kakutuma? Hizo za mnada wa parokiani Jumapili. Joto likishatoka haziivi tena, zinavia tu!"

Nikaomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Kisha, kwa sauti ndogo, nikauliza kuhusu jibu la posa. Niliogopa kweli.

Mjomba alirudisha majani, akatandaza gunia juu yake, akalikandamiza kingo zote bila haraka.

"Umekubaliwa na hujakubaliwa," akasema. "Na safari hii usifunue."

Yustina amenisindikiza hadi barabarani akicheka njia nzima. Nyie msicheke, tafadhali. Mchumba ninaye na sina.