Shingo ya Mwenyekiti wa Jopo

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Usaili ni Ijumaa. Chuo cha tiba ya viungo: nafasi ishirini, waombaji zaidi ya mia. Hii ni mara yangu ya pili, na chuo hakimsaili mtu mara ya tatu. Mwaka jana waliniomba nijieleze kwa ufupi. Nikaanza na misuli ya paja. Dakika kumi na moja! Mwishoni jopo zima lilikuwa likitazama dirisha.

Mama ni fundi cherehani. Hasemi, anatenda. Leo nimekuta cherehani ya pili, iliyolala chini ya shuka tangu shangazi aolewe, imefunuliwa na kutiwa mafuta. Kiti kimesogezwa, kama kinanisubiri. Nimekipita kama sikukiona.

Nimeazima kitabu cha usaili. Ukurasa wa thelathini: ukitaka mtu akupende, keti anavyoketi yeye. Akiegemea, egemea. Moyo wake utadhani umeona ndugu. Sayansi tupu! Mwaka jana nilikosa hili tu.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimekwenda chuoni kumchunguza mwenyekiti mpya wa jopo. Hayupo. Ila picha yake ipo kwenye ubao wa matangazo, imeshikwa na pini moja. Mzee mwenye miwani, kichwa kimelalia kushoto. Nyuzi kumi na tano. Nimepima kwa kipimapembe. Mabega nayo yamelalia kushoto. Hata kabati la nyuma yake! Mtu mwenye ushawishi mkubwa.

Getini nimemkuta Taratibu, jirani yetu. Tulisoma darasa moja. Jina hilo alipewa na mwalimu wa michezo kwa jinsi anavyokimbia. Naye anasailiwa Ijumaa. Nikamuuliza anajiandaaje. Akasema kila asubuhi humshika bibi mkono, wanatembea hadi dukani na kurudi, na bibi humweleza goti linauma wapi. Basi! Hana kitabu, hana kipimapembe. Nikamhurumia. Halafu nikakumbuka kwamba bibi mwenyewe ni bibi yangu.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mazoezi. Kichwa kushoto wakati wa kula, kusoma, kufagia. Usingizini pia: mito mitatu upande wa kulia.

Mama akauliza kama nasikiliza ukuta. Bibi, ambaye huniita mke mwenza, akasema shingo ni ya kubebea kichwa, nisiitume kazi nyingine. Nikamkumbusha kwamba mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akasema ainame, ndiyo, hakuna aliyemwambia ajipinde. Kisha akainuka kwenda dukani na Taratibu. Ameinuka bila kushika meza, jambo ambalo sikumbuki kuliona tangu mwaka uanze. Sikuwa na nafasi ya kulitafakari.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Shingo imekwama.

Nimeisihi irudi katikati, imekataa. Heri hivyo, sasa siwezi kusahau. Maumivu yanatoka sikioni hadi begani. Nayajua majina ya misuli yote inayouma. Haisaidii.

Mama alinipigia pasi gauni la usaili. Nilipolivaa, kola ilikaa upande. Akaitazama, akaifumua, akaishona upya ifuate shingo. Heri angenigombeza.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mwenyekiti amenyooka kama msumari! Bila shaka amepona. Nami mbele yake, nimepinda.

Jopo ni watu watatu. Walinitazama, kisha mmoja baada ya mwingine wakainamisha vichwa kushoto ili wanione vizuri. Mwenyekiti akauliza kama naumwa. Nikasema hapana, ndivyo nilivyo. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Jumatano.

Akaenda mlangoni, akamwita msailiwa anayefuata. Taratibu! Akamwambia kwamba mwaka huu jopo linaazima mgonjwa wodini kwa ajili ya jaribio, lakini leo mgonjwa kajileta mwenyewe. Tuone utaanzaje, binti.

Taratibu hakuanza kwa kushika. Alivuta kiti, akaketi, akaniuliza panauma wapi, na ninaogopa nini. Nikafungua mdomo nimtajie misuli. Nikasema: cherehani ya pili. Likanitoka tu. Akaomba ruhusa, akaweka kiganja shingoni. Kilikuwa na joto. Shingo ikasogea kidogo, kama droo iliyokwama.

Mwenyekiti akanigeukia, akauliza nimejifunza nini. Nilikuwa nimekariri majibu arobaini. Nikayaacha yote. Nikasema Taratibu ameniuliza kabla ya kunigusa, na kwamba mpaka alipouliza sikujua kuwa naogopa. Nikaishia hapo. Sekunde kama nane, bila kutaja msuli hata mmoja.

Wakaandika wote watatu, muda mrefu. Nimekwisha.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Barua. Nimekubaliwa!

Taratibu ni wa kwanza kwenye orodha. Mimi wa ishirini. Mama aliisoma barua mara mbili, akaifunika cherehani ya pili kwa shuka, akasema sasa itabidi aifumue tena ile kola. Kisha akafuta macho, akasingizia vumbi la kitambaa.

Bibi anasema nimepita kwa sababu siku moja maishani nimeulizwa swali nikajibu hilohilo. Taratibu anasema vivyo hivyo, kwa upole wake. Maskini, hawajasoma ukurasa wa thelathini. Ni nani aliyeinamishiwa vichwa na jopo zima? Mimi. Wameniona ndugu. Mambo yako wazi.

Mchana nilipeleka fomu chuoni, nikapita kwenye ubao. Ipo picha ya mwalimu wa mwaka wa kwanza. Mama mwenye kilemba, sura ya ukali. Pini moja. Kichwa kimelalia kulia, nyuzi ishirini kamili, na kabati la nyuma yake linamfuata.

Masomo yanaanza baada ya wiki tatu. Mito nimeshaihamishia kushoto.