Mwaloni wa Marehemu Feliksas

Jumatatu, 6 Mei
Kasisi ametangaza: mche bora wa mwaloni kijijini utapandwa mbele ya kanisa mkesha wa Pentekoste, pamoja na kibao chenye jina la mwenyewe. Jina langu linafaa kibao. Mche wangu haufai. Gotini haufiki, majani yamekunjamana. Wa jirani yangu Bronė, mjane, unampita kiuno. Anasema marehemu mumewe, Feliksas, aliuotesha kwa mkono wake. Basi siri anayo Feliksas. Naye yuko makaburini, hana mlinzi.

Jumanne, 7 Mei
Mchana, watu wote wako mashambani. Nimechota ndoo ya udongo juu ya kaburi lake. Nimeacha mshumaa, isije ikaonekana wizi. Udongo nimeumwaga shinani mwa mche.

Ijumaa, 10 Mei
Mche umenifika kifuani. Nimecheka peke yangu. Kisha nikanyamaza, maana majani yalikuwa yakitikisika na upepo haupo. Na kuna harufu ya kiko. Mimi sivuti.

Jumapili, 12 Mei
Bronė, akitoka kanisani, kasimama uani kwangu, kanusa, kasikiliza mche ukinung'unika. Nikamwambia ni moshi wa jirani.
"Jirani yako ni mimi, Zenonas," akasema. "Na huko kunung'unika nakujua. Nimelala nako miaka na miaka."
Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alikwenda kwake, akarudi na kiti na supu baridi, mabakuli mawili. Mimi sikupewa.

Jumatano, 15 Mei
Bronė huja kila asubuhi kuusimulia mche habari za kijiji. Matawi yote yameinama upande wake. Alipoondoka leo nimejaribu kuung'oa. Sepetu ikashikwa huko chini. Ikashikwa kweli, kama mtu anavyokudaka mkono. Nimeiacha hukohuko.

Jumamosi, 18 Mei
Watu wa kanisa wamekuja na toroli. Mche wa Bronė hawakuutazama hata mara moja, wameutaka wangu. Wanaume wanne wameshindwa kuutoa. Bronė akaweka kiganja shinani, akasema taratibu, "Twende, mzee, tunachelewa." Ukatoka kama karoti. Kibao wameandika jina la Feliksas. Nimebaki na shimo. Nimechungulia. Udongo ulikuwa ukipanda na kushuka, kama kifua cha aliyelala.

Jumapili, 19 Mei
Nimetafakari sana, nimeliona kosa langu. Nilichagua marehemu mwenye mke. Kule makaburini, kando ya ukuta, amezikwa mhunzi mmoja, hakuoa, hakuzaa, mtu mkali ajabu. Hakuna aliyemlilia.
Nimeosha ndoo.