Besiboli ya Ijumaa, Marani

Jumatatu, 1 Julai 1968

Nimepata dawa ya Ongeri! Kisa ana timu ya mpira wa miguu, Marani nzima inamwona mfalme, na Nyanchera anamchekea. Nyanchera wangu! Sasa Andrew, mwalimu wa Kimarekani, atanifundisha mchezo wa kwao, besiboli. Kanuni ziliandikwa New York zaidi ya miaka mia iliyopita. Mia! Ongeri atajificha wapi?

Kazi ni baba yake Nyanchera, Mzee Obwocha, mzee wa kanisa la Wasabato. Mimi Mkatoliki. Amesema atampokea mshenga wangu akishaona kwamba naheshimu Sabato. Vyema. Tutacheza Ijumaa saa tisa, mimi na vijana wa kanisa lake. Nimemwapia kwamba jua likitua, Sabato yao ikianza, watakuwa wameshaoga.

Jumatano, 3 Julai

Mazoezi. Makubwa! Watu tisa kila upande. Mmoja anarusha, mwingine anangoja na rungu. Letu ni mpini wa jembe. Ukiukosa mpira mara tatu, nje. Wakitoka watatu, mnabadilishana zamu. Ukiupiga, unakimbia kupitia magunia matatu hadi ulipoanzia, ndipo mnapata alama. Halafu kijana akanyemelea gunia la pili mrushaji akiwa amezubaa, Andrew akashangilia, eti ameliiba. Kuiba! Mbele ya Mzee Obwocha? Nimepiga marufuku.

Ijumaa, 5 Julai

Mungu wangu!

Saa kumi na moja jioni, zamu ya sita kati ya tisa, nikamwuliza Andrew kipenga cha mwisho ni saa ngapi. Akasema hakuna kipenga. Mchezo hauna saa, unaisha ukiisha. Nikalitazama jua. Zamu ya tisa ikaisha tuko sare. Nikasema afadhali, sare, twendeni nyumbani. Andrew akanishangaa: sare haipo, tunaendelea mpaka mmoja ashinde. Hivi Wamarekani hawana makwao?

Jua likagusa kilima. Ishmael, kaka yake Nyanchera, yuko gunia la tatu, hatua chache tu tushinde. Mzee Obwocha akasimama, akavua kofia, akaanza wimbo wa kuifungua Sabato. Ishmael akaliacha gunia, akaenda zake. Wasabato wote wakamfuata wakiimba. Nami, mdomo uliponza kichwa! Nikapaza sauti: Ishmael, kimbia kwanza, Sabato itangoja!

Wimbo ukakatika. Mzee akageuka, akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. Nyanchera akajifunika uso kwa leso.

Jumapili, 7 Julai

Mpira wa Ongeri leo. Dakika tisini, kipenga, kila mtu kwake. Mzee alipiga makofi! Mshenga wangu, Mama Mong'ina, amerudi kutoka kwa Mzee amenuna. Hakupewa hata kiti. Wa Ongeri kanywa chai kwa ndizi. Nimelia, sifichi. Nampenda yule msichana.

Jumatano, 10 Julai

Mambo bado! Mzee hajamjibu Ongeri. Na Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini Kisii kaniambia kuna mchezo wa Waingereza, kriketi. Nguo nyeupe, hakuna makelele, na katikati watu wanaketi kunywa chai. Mchezo mpole kabisa, wa kumfaa mzee wa kanisa. Mhindi alianza kunieleza, eti mchezo mmoja, siku tano, nikamkatiza. Nilikuwa na haraka ya kwenda kwa Mzee Obwocha kumwapia upya.

Tunacheza Ijumaa, mara tu baada ya chakula cha mchana.