Mama na Sakafu Yangu Nyekundu

Jumatatu, 30 Aprili 1956

Mama kaanguka tena. Alfajiri, anatoka kutawadha uani, miguu ina maji. Kishindo! Nikadhani cherehani imepinduka, nikaruka kitandani. Cherehani salama, alhamdulillahi. Mama yuko chini, kashika nyonga.

Ni mara ya pili Ramadhani hii. Kabla ya futari Kadiri alikuwa ameshafika kutoka Rubona, ananuka samaki, habari anayo yote. Sijui nani humpelekea. Huyu ni kaka yangu mkubwa, mvuvi, mwenye kifua kama mlango na sauti ya kuitia mitumbwi. Akatangaza mbele ya wazee wa familia kwamba mama akianguka tena anamchukua akakae kwake. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hawakuniuliza hata mimi!

Mimi ndiye kitinda mimba. Kwetu mama huzeekea kwa mwanawe wa mwisho, hilo halina mjadala. Akienda kwa Kadiri nitapita wapi Gisenyi hii? Watasema Bizimana anashonea mji mzima, mama yake mmoja kamshinda.

Mke wangu, Nyirasafari, anasema kosa ni la sakafu. Wivu tu. Ni sakafu pekee ya simenti inayong'aa katika mtaa wote wa Waswahili. Niliiona kwa madamu mmoja Mbelgiji niliyemshonea mapazia: nyekundu, ukiinama unajiona uso. Akanipa kopo la ile nta yake, sire wanaiita. Tangu hapo nikiishiwa nanunua nyingine, nasugua mwenyewe kwa magoti, kwa blanketi kuukuu. Wapita njia wanasimama mlangoni kushangaa. Sakafu ya namna hiyo ina kosa gani? Kosa ni viatu vya mama, vile vya mbao vya kutawadhia. Nimevitia jikoni, vimepikia uji.

Jumatano, 2 Mei

Nimemshonea mama viatu vya kitambaa. Sufu nzito, mabaki ya koti la karani wa mpakani, nyayo laini kama shavu la mtoto. Kazi safi. Akavaa, akapiga hatua moja kutoka chumbani, na hatua hiyo moja ikamfikisha kwenye cherehani. Alikuja wima, mikono mbele, kinywa wazi. Akadaka pazia. Pazia likaanguka, yeye hakuanguka! Kwa hiyo viatu vimefaulu. Nilipomweleza hivyo alivivua akanirushia, kimoja kimoja. Na amefunga!

Mchana mvua kubwa. Eliezer, muuza samaki mwenye mguu mmoja, kaja kupimwa suruali ya Pentekoste. Nikamkaribisha kwa heshima zote. Akagusa sakafu kwa ncha ya gongo lake, gongo likateleza, akalirudisha nje. Akasema, “Fundi, pima mi hapa inje. Humo ndani iko ya watu wa miguu mbili, na hata hao sijui.” Nikampima kwenye mvua, maji yananiingia shingoni. Watu wengine ukiwaheshimu hawaoni.

Ijumaa, 4 Mei

Kamba! Nimefunga kamba ya katani toka kitanda cha mama mpaka mlango wa uani, usawa wa kiuno. Anashika, anatembea, anafika. Akili ni mali, na mimi ninayo.

Kufika saa nne Nyirasafari kaijaza nguo zilizofuliwa, eti nje kunanyesha. Mashuka yanadondosha maji juu ya sakafu yangu! Nikafoka. Akajibu kwamba yeye akiona kamba anaanika. Mama akawa anapapasa mashuka mabichi kama anayetafuta mlango wa hema.

Halafu Kadiri akatokea msikitini. Kaingia kwa kasi yake, shuka magotini, kamba tumboni, miguu ikaondoka. Puu! Kanzu nyeupe ya Ijumaa, sire nyekundu matakoni. Nilicheka mpaka nikaogopa kubatilisha saumu. Yeye hakucheka. Alikaa hapo hapo chini akipapasa simenti kwa kiganja, kisha akasema polepole, “Bon. Kama mi mwenye nguvu naanguka, mama je?” Nikamjibu kwamba mama haingii ndani kama ng'ombe.

Siku nzuri kuliko zote mwezi huu.

Jumapili, 6 Mei

Nimegundua mikwaruzo. Mistari myeupe kwenye wekundu, toka chumba cha mama mpaka mlangoni. Nimepiga magoti nikaifuata kama askari. Ni mkongojo wake! Baba aliuchonga kabla hajafariki, akautia pete ya chuma kwenye ncha. Kila hatua, kwaruu. Wageni wa Idi wataona nini?

Nimeuchukua. Nimemwambia kwa upole kwamba kamba ipo, mkongojo wa nini tena? Nimeuweka juu ya kabati, nyuma ya vitambaa. Mama akaniangalia. Akageukia ukuta. Nilitegemea ugomvi, nilikuwa na majibu tayari, yote yamenibaki mdomoni.

Jumatano, 9 Mei

Tangu Jumapili mama hajaanguka. Ushindi! Nimewaambia majirani wamwambie Kadiri.

Kweli, hajatembea pia. Anakaa kitandani akielekea ukutani. Akitaka kwenda uani anamwita Nyirasafari, na Nyirasafari anamshika mkono, wanakwenda wakinong'ona. Kamba hawaigusi. Leo nikampelekea futari mwenyewe, uji na ndizi za Kanama anazozipenda. Akapokea, akasema, “Asante, fundi.”

Fundi! Kama mteja. Nikamuuliza Nyirasafari kama amesikia. Akasema ndivyo anavyoniita tangu Jumapili, ni mimi tu sisikii. Imeniuma. Mtu unahangaika, unashona, unafunga kamba, halafu mama yako mzazi anakuita kama aliyekuja kuchukua suruali. Hakuna shukrani katika nyumba hii.

Jumamosi, 12 Mei. Idi

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto siwezi kuukunja.

Jana nilisugua sakafu mara mbili kwa ajili ya sikukuu. Haijapata kung'aa vile. Kamba nikaifungua, maana inaharibu sura ya chumba. Asubuhi baada ya swala wageni wakajaa, wamejibana kwenye mikeka wakishikana mabega, wanasifu. Hata Kadiri kaja, kasimama kizingitini, kakataa kuingia.

Mama akatoka chumbani. Gauni jipya nililomshonea, shela jeupe, amejipaka hina. Mzuri! Alitaka kuwasalimia watu kwa miguu yake mwenyewe siku ya Idi, hakumwita mtu. Akanyoosha mkono kutafuta kamba. Hakuna kamba.

Nilimwona anakwenda. Nikaruka kumdaka, nami nikateleza. Tukaanguka pamoja, mimi juu ya kiwiko, yeye juu ya mkono wake. Nilisikia mfupa. Sitaki kuandika ulivyolia.

Akaja mtengeneza mifupa, akamfunga mkono kwa vijiti. Kisha wanaume wa mtaa wakaleta ingobyi, machela ya kubebea wagonjwa, wakampakia. Hata mimi ni mwanachama wa ingobyi hiyo, nina zamu yangu ya kubeba! Lakini nilipoinama kuchukua mti wa mbele Kadiri alinisogeza kwa bega. Wakapita naye mtaa mzima kwenda Rubona kwa Kadiri, watu wote nje na nguo za sikukuu, watoto na halua mikononi. Kila mlango ukauliza ni nani, kila mlango ukajibiwa ni mama wa Bizimana.

Kabla hawajamwinua aliniita nisogee. Nikadhani ananibariki. Akasema, “Nyumba yako iko muzuri sana, fundi. Iko muzuri ya kuangalia.”

Nimelia. Nyirasafari kaniona, kaenda kuosha masahani.

Jumatatu, 14 Mei

Nimekwenda Rubona kumwona. Nyumba ya Kadiri ni aibu. Sakafu ya udongo! Wameukandika, wametandaza nyasi laini juu yake kama enzi za mababu. Unakanyaga, unadidimia. Hakuna hata sehemu moja inayong'aa.

Mama alikuwa anatembea. Mkono mmoja umefungwa, mwingine hajashika chochote, anatoka jikoni na kwenda uani, anarudi, anawafokea wajukuu. Nimesimama mlangoni nikimtazama, hakuniona mara moja. Ni hewa ya ziwa, bila shaka. Hewa ya ziwa inatia nguvu magoti.

Aliponiona akanikaribisha kiti, akaamuru niletewe chai. Kiti na chai, kama mgeni! Nikamwomba arudi nyumbani. Akasema mkongojo wake tu, nimpelekee mkongojo wa baba. Akiwa nao labda atafikiria. Labda! Kadiri alikuwa anashona nyavu pembeni, hakuinua kichwa, lakini niliona masikio yake yanafurahi.

Njia nzima nimetembea haraka. Atarudi. Nyirasafari amenisikiliza, akasema kwanza nimwage majivu na mchanga sakafuni, nisugue mpaka sire yote itoke, ndipo niende na huo mkongojo. Nimemwambia tutaongea kesho. Mwanamke huyu hajui mama anapenda nini.

Nimeushusha mkongojo kutoka juu ya kabati. Ulikuwa na vumbi, umefifia, ungenitia aibu mbele ya Kadiri. Pete ya chuma nimeing'oa. Kisha nimeupaka sire, kutoka mahali anaposhika mpaka kwenye ncha, tabaka mbili, na kuusugua kwa blanketi mpaka mkono mzima ukachoka.

Hauwezi hata kushikika kwa jinsi unavyong'aa. Mama atafurahi.