Baruti imegoma kushuka, mama mkwe ameniona

Jamani, leo sijui uso wangu niuweke wapi.

Mnajua huwa najaza mwenyewe risasi za kuwindia swala, hapa hapa nyumbani, mtaani South End. Leo sikuwa na zamu, nikapanga vifaa mezani. Baruti ikagoma kushuka! Punje zimeng'ang'ania ndani ya faneli ya plastiki, nagonga hazitoki. Nikipima kwenye mizani, kila ganda limepata kiasi tofauti. Kazi hii ukikosea unaumia, kwa hiyo nikasimama. (Ndiyo, mimi mwoga. Vidole vyangu bado navihitaji.)

Nikampigia kwa video Mzee Yohana wa Columbus, Mkongo aliyenifundisha kuwinda. Alicheka kwanza.

"Bon, ni hita hiyo. Inakausha hewa ya nyumba, donc plastiki inashika umeme, baruti inanata. Pangusa faneli na kale kakaratasi ka kunukia, kale banatia mu mashine ya kukausha nguo."

Sasa mimi vikaratasi hivyo nivitoe wapi? Mambo ya kufua ni ya Furaha, mke wangu, na Furaha yuko Buffalo kwa kaka yake Amani tangu mama yao avunjike mguu. Tangu aende, nguo zangu naanika kwenye viti. Kila akipiga simu namwambia niko sawa, amhudumie mama bila wasiwasi. Uongo mtupu. Nyumba imekuwa kubwa, chakula hakina ladha, na upande wake wa kitanda siugusi.

Basi nikaenda chumbani na simu, nikaiegemeza kwenye kioo, nikaanza kupekua nguo zake. Mzee alisema kitu kuhusu kumwongeza kwenye simu mtu mwingine anayejua zaidi. Sikumsikiliza, kichwa kilikuwa kabatini.

Kikaratasi kimoja kilikuwa kimenasa ndani ya mkono wa gauni lake la kulalia. Nikakinusa ili nihakikishe. Jamani, kilinukia Furaha! Nikakaa kitandani na fulana yangu yenye matundu, gauni nimelikumbatia, pua ndani. Baruti nikaisahau. Nilimkumbuka mke wangu mpaka kifua kikauma, machozi yakaja yenyewe. Nikasema kwa sauti, "Furaha, rudi basi. Nimeshindwa."

Mtu akakohoa.

Kikohozi cha mwanamke. Kugeuka, naona kwenye simu kuna picha mbili. Moja ni Mzee Yohana, amejifunika uso kwa kofia. Nyingine ni sebule ya Amani (kumbe huyo ndiye mjuzi wetu), na kwenye sofa wamekaa Furaha na mama mkwe, mguu juu ya stuli. Mama mkwe ambaye tangu nioe hajawahi kuniona bila koti! Nikamsalimia kwa heshima zote. Gauni bado mkononi.

Alimgeukia binti yake.

"Furaha, rudia kwako. Mie muguu iko napona. Mugonjwa ni huyu."

Furaha hakucheka. Alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaniuliza polepole, "Juu ya nini haukusemaka?"

Jumamosi naendesha mpaka Buffalo kumchukua. Chekeni tu, halafu mkimaliza mniambie barabara gani haina theluji.