Mayebo Bila Ruhusa

Kosa iko yangu. Bwana Mukubwa wa Usafi aliniuliza: «Séverin, wewe iko na diplome. Mayebo, huo uyoga wenu, inaota wapi?» Mimi, commis, karani wake, nikataka kuonyesha kama ba-frère wa misioni hawakunifundisha bure. Nikajibu: «Kwenye uozo, Bwana.» Ningesema «kule ngambo ya mto, Lubunga», ingetosha.

Kesho yake tarumbeta ikalia pale bac, chombo ya kuvuka mto, inafika. Leta, ndiyo serikali, inatangaza: mwaka huu wa 1956, mayebo yote ya Stanleyville inaingia chini ya Service ya Usafi. Itaota ndani ya nyumba yenye chokaa na dirisha. Haitatoka kabla ya inspection, ndiyo ukaguzi. Nyumba yote yenye kutoa mayebo bila ruhusa, itachomwa moto. Bwana alitia sahihi. Mimi nilipiga muhuri, na ilitoka muzuri sana.

Kule Lubunga, Mama Germaine alikuwa na kibanda nyuma ya jikoni: giza, majani ya mupunga yenye maji, mayebo juu. Shamba na samaki ilikuwa ya kula. Mayebo ilikuwa ya kuuza, kwa ajili ya mutoto wake Clémence. Ba-soeur wa misioni walimukubali kwa masomo, lakini aje na blanketi, na hapana miguu wazi. Blanketi ilikwisha kupatikana. Ilibaki viatu.

«Papa Séverin,» akaniambia, «mayebo inatoka wakati inataka. Niiambie ingoje?»

«Uiambie kwa heshima, mama.»

«Na dirisha? Jua ikiingia, itakufa yote.»

«Bon, itakufa safi.»

Mume wake Anselme alikuwa anashona wavu. «Angalia diplome hii! Inakula lituma yetu ya ndizi, halafu inatuchomea nyumba.»

Kweli nilikuwa nakula, na mayebo juu. Ilikuwa inspection ya kwanza.

Bwana Mukubwa akavuka na bac. Akaona giza. Akauliza chokaa, hakuna. Akauliza dirisha, akaonyeshwa mulango. «Kibanda itachomwa siku ya kwanza ya juma inayokuja,» akasema, «lakini majani ni ushahidi.» Mama Germaine hakulia. Alituangalia tu tukibeba majani, ndiyo viatu ya mutoto wake, ndani ya magunia.

Ushahidi ya Leta inalindwa vizuri. Tuliiweka ndani ya depot, chumba ya vitu ya ofisi, nyuma ya kiti ya Bwana, tukafunga mulango, dirisha haikuwako. Bwana akaamuru tuinyunyizie maji asubuhi na mangaribi, sababu ya vumbi. Usafi ni usafi.

Siku ya kwanza, Mama Germaine akaitwa ofisini kusikia hukumu. Polisi alikuwa inje na moto tayari. Bwana akasema: «Tuletee ushahidi.» Nikafungua depot.

Mayebo! Chini, kwa ukuta, mpaka ndani ya gunia ya chokaa yetu. Kila moja na kofia nyeupe, sawa Bwana mwenyewe.

«Ee, Bwana!» Mama Germaine akapiga mikono. «Dirisha iko wapi? Inspection ilipita saa ngapi?» Akafungua kitambaa yake, akaanza kuchuma. «Hii kiatu ya kuume. Hii ya kushoto.»

Polisi akaingiza kichwa: «Nyumba ya mayebo ni gani?»

Sheria ni sheria, na muhuri ilikuwa yangu. Nikavua kofia.

«Bwana, tafazali, utoke kidogo inje, tuchome.»

Bwana alikuwa anaangalia plafond, dari ya ofisi yake.