Malalamiko Dhidi ya Kijana Aliyekiamkia Kiti Changu

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu. Nimekuchagua wewe kwa sababu una masikio. Utaona punde kwa nini nataja masikio.

Mimi ni fundi seremala. Nilianza kwa kubeba mbao za watu begani. Leo nina karakana yangu, mashine mbili na mafundi watatu ambao nikiwapa kisogo huniita Sentimita, kwa kuwa sikubali neno la mtu mpaka nilipime. Jina hilo nalihesabu kuwa sifa. Maishani mwangu sijaona jambo lisilo na sababu, isipokuwa hili.

Jumanne ya wiki iliyopita, wakati wa mapumziko ya chai, nilikuwa barazani mwa karakana, nyuma ya kiti kikubwa cha mbao nilichokiweka pale kuvutia wateja. Nilikuwa nimejikunyata juu ya debe la rangi, kwa sababu ukutani kuna tangazo nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe, MARUFUKU KULA MBELE YA WATEJA, na mdomoni nilikuwa na nusu ya mkate. Akaja kijana mmoja, suti ya kijivu inampwaya mabegani, viatu vinang'aa, jasho linamtiririka. Akasimama mbele ya kiti, akainama, akasema, "Shikamoo, mzee." Kimya. Akainama zaidi. "Shikamoo, baba." Kimya. Akakitazama kiti kama mtu anayesomewa hukumu, akasema, "Basi, mzee, nimeelewa." Akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Yeye hakuniona. Mimi nilimwona vizuri sana, maana mgongo wa kiti kile una vijiti sita tu, na kati ya kijiti na kijiti nimeacha nafasi ya vidole vitano, jambo ambalo fundi mwingine akilijaribu kiti kitalegea kabla ya mwezi kuandama. Nilitulia tuli, hata kutafuna nikaacha. Sasa nauliza: kaelewa nini? Kiti kimemwambia nini ambacho mimi niliyekichonga sijaambiwa?

Kosa langu lilikuwa kuwasimulia mafundi. Tangu hapo nimepata hasara zifuatazo:

1. Kiti kimenipita cheo. Fundi wangu wa kupaka vanishi, ambaye tangu nimwajiri hunisalimu "mambo vipi," sasa kila asubuhi anavua kofia mbele ya kiti: "Shikamoo, mheshimiwa! Miguu yote minne haijambo?" Nimepiga hesabu. Kiti kinapata shikamoo tatu kwa siku, mimi sipati hata moja. Na kiti chenyewe kina wiki tatu duniani. Vanishi yake bado inanasa vidole.

2. Chai haiishi. Nikisema inukeni tufanye kazi, mpiga randa ananijibu, "Subiri kidogo, bosi, mkubwa bado amekaa." Nimekizunguka, nimekipima, sioni dalili kwamba kitainuka karibuni.

3. Wateja. Mama mmoja tulikuwa tumeshaelewana bei, yule fundi wa vanishi akamnong'oneza, "Mama yangu, ukikikalia hicho utakuwa umemkalia mtu mzima." Alitoka mbio, mwavuli wake ninao hadi leo. Kesho yake akaja mwingine, huyu hataki kununua, anataka kukiuliza kiti mumewe huwa anachelewa wapi. Nilitaka kumfukuza. Badala yake nikajisikia namwambia, "Kaa kwenye foleni, mama." Foleni yenyewe ilikuwa yeye peke yake.

4. Akili yangu. Juzi nilipita karibu na kiti nimeshika nyundo, nikajikuta nasema "samahani." Mimi! Jioni, mafundi walipokwisha kuondoka, nikafunga mlango, nikasimama pale aliposimama yule kijana, nikakiamkia. Nilitaka kujua tu, kama mtu anayejaribu swichi. Hakikujibu. Nikarudia. Hakikujibu. Nakwambia kweli, nilipata uchungu nisioutarajia. Mtu ukiamkia, ukasubiri, usijibiwe, unajiona mwepesi kuliko unyoya. Nililala na njaa kwa sababu ya mbao nilizozinunua mwenyewe.

5. Nyumbani nako hakukaliki. Binti yangu, kitindamimba, alikuwa ameniambia kuwa kuna mtu wake atakuja siku moja kunisalimu, nimpokee vizuri. Jumapili nne mfululizo nimevaa shati la mikono mirefu, kwenye joto hili, namsubiri huyo mtu. Hajatokea. Na tangu wiki iliyopita binti mwenyewe hasemi nami. Ananiwekea chakula, anasema, "Hongera, baba," kisha anajifungia chumbani. Hongera ya nini, haniambii. Hivyo ndivyo walivyo vijana wa leo: anayepaswa kuja kuniamkia haonekani, na mwenye adabu zake anakwenda kuzimwaga kwenye samani. Adabu haijaisha duniani, Ndugu Mhariri. Imegawanywa vibaya.

Kwa hiyo naomba gazeti lako limtafute mwenye suti hiyo. Aje, mbele ya mafundi wangu, achague moja: aichukue shikamoo yake, au akinunue kiti na azungumze nacho kwake. Na wakubwa wanaotunga sheria watunge moja fupi, kwamba asiamkiwe yeyote asiye na masikio. Wakiniuliza kipimo, nitawapa.

Wasalimie wote hapo ofisini, kuanzia mlinzi wa getini. Viti vyenu sivisalimu.

Wako mwenye kinyongo kilichopimwa,
Fundi niliyejijenga mwenyewe

Baada ya kusaini:

Kabla sijafunga bahasha nilimpa mke wangu barua aikague, maana herufi nazo zina vipimo vyake. Alicheka hadi namba tatu. Kwenye namba nne akaacha kucheka. Kwenye namba tano akavua miwani, akaniuliza, "Baba watoto, ile nafasi ya vijiti ni vidole vingapi?" Nikamjibu kwa fahari: vitano. Akasema, "Na uso wako?"

Nimekwenda kupima. Ukikaa juu ya lile debe, macho yote mawili, pua na mkate vinaenea kwenye nafasi zile bila kubanwa.

Binti aliitwa kutoka chumbani. Aliuliza rangi ya suti tu. Ni ya kaka wa huyo mtu wake, akasema, ndiyo maana ilimpwaya. Binti mwenyewe ndiye aliyemwelekeza aje saa ya chai, kwa kuwa saa ile ndiyo baba yake huwa mpole. Sasa najua yule kijana alielewa nini.

Basi barua hii usiichapishe. Kiti nimeshakifunga kamba, nakibeba begani kama zamani, nakipeleka kwao yule kijana. Ila nasikia kesho anahamia kikazi mbali, na bega langu si lile la zamani. Huenda gazeti likamfikia kabla yangu. Pale ambapo barua yangu ingekaa, naomba uweke neno moja tu, kwa herufi kubwa kama za tangazo langu la ukutani:

MARAHABA.